UNGA CHINI YA KIGODA
Somo kwa vikundi vya wachongaji na mafundi wa miti

Somo letu safari hii ni la wale wanaopata riziki yao kwa tezo, patasi na msasa: wachongaji wa vinyago na vijiko, watengenezaji wa vigoda, wachonga mipini na pinde. Hata kama kikundi chenu ni cha kufuga kuku, msifunge ukurasa. Mdudu tutakayemzungumzia hula pia fito za banda la kuku.

Kikundi kimoja tulichokuwa tukikitembelea kiliuza vigoda 24 vya mti wa mwembe kwa mwenye duka mjini. Vilikuwa vigoda vizuri, vimepakwa vanishi vikang'aa, na pesa zililipwa siku hiyo hiyo. Baada ya miezi mitatu hivi mnunuzi akaleta habari kwamba kila asubuhi anapofagia duka anakuta unga chini ya vigoda, mwembamba kama unga wa ngano. Akavirudisha 17 na kudai pesa zake. Na pesa zenyewe, jamani, zilikuwa zimekwisha kwenda kwa karo ya shule.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mmoja akasema vanishi ilikuwa mbovu. Mwingine akasema mnunuzi ni mwongo, aliviweka mahali pachafu. Mama mmoja mweka hazina aliulizwa kwa nini alinunua magogo ya bei rahisi, akalia mbele ya watu. Kikundi kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya mdudu asiyezidi urefu wa punje ya mchele. Hakuna aliyekuwa mwizi wala mwongo pale. Kilichokosekana ni elimu kidogo tu, na hiyo ndiyo tunayotaka kuwapa leo.

MBONA WAZEE HAWAKUSUMBULIWA?

Swali hili huulizwa kila mara. Watu husema, "Kigoda cha babu kiko nyumbani tangu kabla ya Uhuru na hakijatoboka." Ni kweli. Lakini mzee hakuwa na dawa ya kutushinda sisi. Alikuwa na mti mwingine.

Uchongaji wa biashara katika Ukambani unahesabiwa kuanza na Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya 1914 hadi 1918, akarudi nayo nyumbani. Wachongaji waliomfuata walipenda mpingo na muhugu. Miti hiyo ina kiini kizito cha rangi ya giza, na mchongaji alikuwa akitupa ile sehemu nyeupe ya nje na kuchonga kiini. Mdudu wa unga hali kiini. Basi mzee alikuwa akimnyima chakula bila yeye mwenyewe kujua.

Leo mpingo na muhugu vimekuwa haba kwa kukatwa sana, na ni vyema kuviacha vipumue. Tumegeukia miti ya kupandwa: mwembe uliozeeka usiozaa tena, mjakaranda, mgrevilea, mwarobaini. Tunawasifu waliofanya hivyo. Lakini miti mingi ya namna hii ni laini na ina sehemu kubwa nyeupe, na mwembe hasa hupendwa mno na wadudu. Kiini cha mwarobaini ni afadhali, lakini ule weupe wake wa nje usiuamini. Tukibadilisha mti, hatuna budi kubadilisha na desturi ya kuutunza.

ANACHOTAFUTA NI WANGA

Mti ulio hai huweka akiba ya chakula katika ile sehemu nyeupe iliyo chini ya gome. Akiba hiyo ni wanga, ni kama ule wa ugali na muhogo. Mti ukikatwa, wanga hubaki ndani. Jike la mdudu wa unga hutafuta vishimo vidogo sana vya mti, vile vilivyokuwa vikipitisha maji, naye huingiza mayai humo. Buu akianguliwa anakula akielekea mbele, na nyuma yake anaacha unga. Anaweza kukaa ndani miezi mingi, hata mwaka, bila dalili yoyote kwa nje. Tundu unaloliona ni mlango wa kutokea, si wa kuingilia. Ukiliona, mdudu aliyelitoboa amekwisha kwenda zake, na pengine amekwisha kutaga tena kwenye kigoda kile kile.

Ndiyo maana vile vigoda vilionekana safi siku ya kuuzwa.

Mvinje, msindano na mti wa saiprasi si kitu kimoja kwa mdudu huyu. Saiprasi na msindano hawezi kutaga ndani yake, kwa maana haina vishimo vya kumtosha. Hilo ni vizuri kulijua mnapochagua mbao za rafu za kuwekea mali.

Mnaweza kuuona huo wanga kwa macho yenu. Chukueni iodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda. Kwanza dondosheni tone moja juu ya ugali, watoto wa shule watawaambia kitakachotokea: utageuka rangi ya buluu iliyokolea karibu na nyeusi. Sasa kateni kipande cha gogo, mlainishe uso wake kwa msasa, mdondoshe iodini kuanzia kwenye gome hadi katikati. Mahali palipogeuka rangi ya giza pana wanga, na hapo ndipo mdudu atakapokula. Mahali palipobaki kahawia hana hamu napo. Jaribio hili ni la dakika chache, na linamaliza mabishano mengi wakati wa kununua magogo.

SI KILA TUNDU LINA UGONJWA MMOJA

Kabla ya kutibu, mtambue anayekula. Tumeona watu wakichoma mti mzuri kwa hofu, na wengine wakiuza mti mbovu kwa kutojua.

Tundu la mviringo dogo kama ncha ya kalamu, na unga laini usiokwaruza ukiusugua kwa vidole: huyo ni mdudu wa unga tunayemsema. Ni wa hatari kwa sababu anapenda mti uliokwisha kukauka.

Tundu la mviringo lililo kubwa zaidi, na unga wenye chengachenga: huyo ni wa jamaa ya dumuzi. Ndiyo, yule yule dumuzi wa mahindi! Yeye alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka wa 1983 akapatikana upande wetu huko Taveta. Dumuzi ni wa ukoo wa wadudu watoboa miti, na mahindi yakiisha anaweza kujificha katika miti ya ghala. Kwa hiyo msiegemeze magogo ya kuchonga kwenye ghala la mahindi. Mtakuwa mmewakaribisha jamaa wakutane.

Tundu dogo lenye ukingo mweusi kama limechomwa na sindano ya moto, wala halina unga: huyo aliingia mti ukiwa mbichi. Anaishi kwa ukungu anaoupanda mwenyewe ndani ya mti wenye maji. Mti ukikauka, ukungu unakufa, naye anakufa. Usihangaike na dawa. Mti huo unafaa kwa kinyago, na wanunuzi wengine hupenda yale madoadoa.

Tundu la umbo la yai, lililo pana kiasi cha kuingiza kijiti cha kiberiti au zaidi, na mifereji mipana chini ya gome: hao ni mabuu wakubwa weupe wa mdudu mwenye pembe ndefu. Mama yao hutaga kwenye gome la mti uliokatwa karibuni. Gome likitolewa mapema, wengi wao hawapati mlango.

Mchwa hatumtaji hapa. Anajulikana kwa udongo wake.

TANGU SIKU YA KUKATA

Kazi kubwa ya kuzuia hufanyika siku ya kwanza, nayo haina gharama. Mti ukianguka asubuhi, gome liwe limebanduliwa kabla ya jua kutua. Wadudu husikia harufu ya mti uliokatwa, na wengine hufika siku hiyo hiyo. Magogo yaliyoachwa shambani mwezi mzima "yapoe kwanza" yamekwisha kupata wapangaji. Tunajua ugumu wake: mwenye mwembe anataka uondoe mti wake upesi, gari halijapatikana, mvua inanyesha. Hata hivyo panga la kubandulia gome halihitaji gari.

Pasueni vipande kwa kiasi cha kazi, mpake nta au rangi ya mafuta kwenye ncha ili zisipasuke, na mvipange kivulini juu ya mawe, vijiti vikiwa katikati ili upepo upite. Kama mnaweza kuchonga na kuondoa weupe wote, fanyeni hivyo. Kwa mwembe mara nyingi hamtabakiwa na kitu, basi itawabidi mtumie moto au dawa kama tutakavyoeleza.

Wako wanaozamisha magogo ndani ya maji kwa wiki kadhaa ili wanga upungue. Ni njia nzuri ya zamani, hutumika sana kwa mianzi. Lakini huku kwetu ambako kina mama wanatembea kutafuta mtungi mmoja, sitamshauri mtu azamishe gogo kwenye maji ya watu.

Jambo moja ni lazima tulirekebishe. Watu wengi husema, "Mti ukishakauka umepona." Hilo ni kweli kwa wale wadudu wa mti mbichi. Kwa mdudu wa unga si kweli hata kidogo. Mti uliokauka vizuri ndio mezani pake.

AKISHAINGIA

Kwanza hakikisheni kama bado yumo. Unga wa zamani unaweza kudondoka kigoda kikitikiswa, na kumbe ndani hamna mtu. Kisafisheni kwa brashi, mzungushe kila tundu alama ya chaki, halafu mkiweke juu ya karatasi nyeusi au kitambaa cheusi mahali pasipoguswa. Andikeni tarehe. Mkiona unga mpya au tundu lisilo na chaki, yumo. Msikate shauri baada ya siku mbili. Ngojeni miezi miwili au mitatu, kwa maana buu hana haraka. Wakati huo kigoda kikae mbali na vingine.

Kinachoua bila sumu ni joto. Sheria za kimataifa za masanduku na mbao za kufungia mizigo, zilizopitishwa mwaka wa 2002, zinataka mti upate joto la nyuzi 56 za Selsiasi hadi katikati yake kwa dakika 30 mfululizo. Angalieni neno hilo, hadi katikati. Kuupasha mti juu juu kwa moto wa makaa kunaunguza rangi tu, na buu anajivuta ndani.

Vitu vidogo kama vijiko vinaweza kuchemshwa. Tumieni sufuria kubwa au nusu pipa, maji yafunike vitu vyote, muweke jiwe juu ili visielee. Tangu maji yanapochemka, hesabuni dakika 45 kwa kijiko, na saa moja na nusu kwa kitu chenye unene wa sentimita 5. Halafu acheni vipoe humo humo. Mkivitoa na kuvianika juani vikiwa moto vitapasuka, na hapo msilaumu somo hili. Ni afadhali kuchemsha kabla ya kumalizia kwa msasa, kwa sababu maji huinua nyuzi za mti.

Kigoda kikubwa kilichokauka hakipendi kuchemshwa. Kwa hicho tumieni jua. Tengenezeni sanduku la mbao lenye bati lililopakwa rangi nyeusi ndani, na juu yake nailoni inayopitisha mwanga, iliyobanwa isivujishe hewa. Kigoda chenyewe kifungeni kwanza kwa nailoni ili kisipoteze maji na kupasuka. Jua kali la kiangazi linaweza kupitisha nyuzi 60 ndani ya sanduku la namna hii. Lakini msikisie. Chukueni kipande kibovu chenye unene ule ule, mtoboe hadi katikati, mtie kipimajoto humo, na muanze kuhesabu zile dakika pale kinapoonyesha 56. Siku ya mawingu haihesabiki.

Joto likishapita halibaki kulinda. Mdudu mwingine anaweza kuja kesho na kutaga. Ndiyo maana ni lazima kufunga vile vishimo kwa vanishi au nta, na kila upande. Hapa ndipo kosa la kile kikundi lilipokuwa. Vigoda vyao walivipaka juu na kando, lakini chini hawakupaka ili kuokoa vanishi. Ndani tayari mlikuwa na mabuu, na chini wakaacha mlango wazi kwa wengine. Wala vanishi peke yake haiui aliyemo; yeye atakula na kuitoboa akitoka.

Kuna fundi atakayekuambia uzibe matundu kwa nta na unga wa msumeno kisha uuze. Baada ya kutibu, hakuna ubaya. Kabla ya kutibu ni kumwuzia mtu ugonjwa, na ataurudisha.

DAWA YA BORAKSI

Kwa kikundi chenye maagizo makubwa, boraksi pamoja na asidi ya boriki ni dawa inayojulikana na isiyo kali kama sumu nyingine. Pimeni gramu 250 za kila moja katika lita 10 za maji ya moto, mkoroge hadi iyeyuke. Inafaa zaidi mti ukiwa bado mbichi: utumbukizeni, utoeni, ufungeni ndani ya nailoni kwa wiki mbili hadi nne kivulini, ili dawa isafiri kwenda ndani pamoja na maji ya mti. Baadaye ndipo uanikwe pole pole. Kwenye mti mkavu dawa hii haiendi mbali.

Vaeni glavu. Watoto wasikaribie karai hilo. Maji yanayobaki msiyamwage kwenye sukuma wiki, yataiua. Na nasema hili kwa nguvu: kijiko, mwiko, bakuli, au kitu cha kuchezea mtoto kisitiwe boraksi kamwe. Hivyo ni vya kuchemsha kwa maji matupu na kupaka mafuta ya kula. Vilevile dawa hii huoshwa na mvua, kwa hiyo haifai kwa kitu cha kukaa nje.

Msitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe wala dawa ya mahindi kupaka vinyago, hata kama iko nyumbani na ni ya bure. Mchongaji huishika kwa mikono mitupu siku nzima, kisha anakula kwa mikono hiyo hiyo. Oili chafu ya gari nayo ibaki kwenye nguzo za ua.

UPINDE NA MPINI

Kinyago chenye tundu moja lililotibiwa ni kinyago bado. Upinde hauna msamaha huo.

Tangu kuwinda kulipopigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, pinde zinazochongwa kwa kuuzwa ni za ngoma, za mapambo na za michezo ya kulenga shabaha. Hata hivyo mnunuzi ataivuta tu, hata kama umemwambia ni pambo. Upinde ukivutwa, upande wa nje unaotazama shabaha hunyooshwa kwa nguvu nyingi, na wa ndani hubanwa. Nyuzi za ule upande wa nje ndizo zinazobeba mvuto huo. Tundu dogo la mdudu likikata nyuzi hizo, hapo ndipo kibanzi kitakapoinuka, na upinde utavunjika karibu na uso wa mtu.

Kwa hiyo fundi akipata fito ya mkole au mti mwingine, abandue gome na kutazama. Kama ni mifereji ya juu juu tu iliyoachwa na mabuu chini ya gome, aiparuze pole pole hadi afikie tabaka moja safi lisilokatika kutoka ncha hadi ncha. Likibaki hilo, na unene ukatosha, upinde utafaa. Kama tundu limeingia ndani kwenye mikono inayopinda, asijidanganye kwa gundi. Tundu lililo kwenye kishikio, mahali pasipopinda, linaweza kuvumiliwa baada ya mti kutibiwa kwa joto. Na upinde wowote wenye shaka ujaribiwe kwa kuvutwa kidogo kidogo siku kadhaa, uso ukiwa kando.

Mpini ni vivyo hivyo. Mpini wa shoka wenye tundu karibu na jicho la shoka ni kuni. Siku ukivunjika, chuma hakichagui kinapokwenda.

Wale wenzetu wenye vigoda 17 walikubaliana na mnunuzi kumlipa kwa kazi. Vigoda 11 vilitibiwa kwa jua la mwezi wa pili, vikawekwa miezi mitatu juu ya kitambaa cheusi, vikapakwa nta chini na juu. Sita vilichomwa. Mama mweka hazina bado ndiye mweka hazina, na sasa hanunui gogo bila chupa yake ya iodini mfukoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Magogo yetu hukaa siku ngapi kabla ya kubanduliwa gome? Ni nani atakayesimamia kazi hiyo siku ya kukata?
2. Tuna mali gani dukani au nyumbani ambayo haijakaguliwa chini yake? Ikaguliwe lini?
3. Mali ikirudishwa na mnunuzi, hasara ni ya aliyechonga au ya kikundi kizima? Je, jambo hili limeandikwa katika sheria zetu?
4. Kwa mkutano ujao kila mmoja alete kipande cha mti anaotumia, kimelainishwa kwa msasa. Mwenyekiti alete iodini.